Wageni na Wenyeji wa Kilosa na Mikumi, na Imani Waliyokuja Nayo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na walimu wa dini, wakati wa Jubilei ya Jimbo)



 Tumepewa kazi ya kunena machache katika siku hii kuu. Wengine wamekwisha nena habari za makanisa yaliyojengwa, za shule na hospitali, na za Maaskofu waliotuchunga tangu Jimbo la Morogoro lilipoundwa mwaka 1953. Sisi tumeona vema kunena habari za watu wenyewe, yaani wale wanaoketi katika mabenchi yetu siku ya Dominika: walitoka wapi, walikuja kwa sababu gani, walileta imani ya namna gani, na sisi tuliwapokeaje. Maana kanisa la matofali laweza kusimama miaka mia pasipo mtu ndani yake. Bali Kanisa la Mungu ni watu.

Habari hizi tutazisoma katika kitabu mnachokijua. Ni kile kitabu kikubwa cha ubatizo kikaacho katika ofisi ya Padre. Serikali hatuwezi kuiuliza, kwa sababu baada ya sensa ya mwaka 1967 watu wa nchi yetu hawakuulizwa tena dini wala kabila wakati wa kuhesabiwa. Na jambo hilo limesaidia umoja wetu. Lakini kitabu cha ubatizo huandika jina la mtoto, jina la baba na la mama, na jina la msimamizi wake. Mwenye kukifungua kwa subira, toka kurasa zilizogeuka rangi kwa uzee hata kurasa za mwaka huu, ataona majina yakibadilika, kama vile msafiri wa gari la moshi aonavyo nchi ikibadilika dirishani.

Tuanze na wenyeji. Wasagara walikaa katika milima na mabonde ya Kilosa. Wavidunda katika milima iliyo juu ya Kidodi. Wakaguru upande wa kaskazini, Mamboya na Gairo. Na Waluguru upande wa mashariki. Makabila haya ni ndugu. Huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa katika nyumba ya dada yake. Walimjua Mungu Muumba kabla hajafika mhubiri yeyote, nao walikwenda makaburini kwa wazee wao kuomba mvua na uzima wa watoto. Hata jina la Mikumi latoka katika mti wa nchi, ile mikumi mirefu ya jamii ya mivumo.

Lakini wenyeji hao hawakukaa peke yao. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika bonde la mto Mkondoa. Kwa njia hiyo walipita wapagazi wa Kinyamwezi na wafanya biashara wa pwani. Kwa njia hiyo ikaja lugha hii ya Kiswahili tunayosemea leo. Kwa njia hiyo ukaja Uislamu, ambao una waumini wengi sana katika mji wa Kilosa na vijiji vyake. Na kwa njia hiyo hiyo wakapita watumwa wakielekea baharini.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo. Watu wao wa kwanza walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, waliotoka katika makabila mbalimbali ya bara. Wakalelewa, wakabatizwa, wakaoana. Na mapadre walipofungua misheni ya Mhonda mwaka 1877, walikwenda na jamaa za Wakristo hao wakae huko, wawe mwanzo wa kijiji cha Kikristo. Ikafuata misheni ya Mandera mwaka 1881 na Morogoro mwaka 1882. Nao ndugu zetu Waanglikana wa chama cha CMS walikaa Mpwapwa, na yapata mwaka 1880 wakaingia Mamboya. Ndiyo sababu Ukaguru una Waanglikana wengi hata leo.

Sikilizeni vema, ndugu. Mbegu ya kwanza ya imani yetu ilichukuliwa na wageni wasio na ukoo, wasio na shamba, wala kaburi la babu la kwenda kuombea. Twapenda kujiita Wakristo wa asili, tena twajivuna kwamba babu zetu walibatizwa zamani. Lakini asili yetu ni hao. Tukimdharau mgeni, twaidharau mizizi yetu wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara akikusanya alama za machifu katika karatasi zake, na utawala wa Wadachi ukaanza. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikafika hata pande zetu. Hayo mmeyasoma shuleni. Sisi twataka kunena juu ya jambo lililobadili nchi hii kuliko karatasi za Peters, nalo ni reli na mkonge.

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kandokando yake yakafunguliwa mashamba makubwa, Kimamba, Rudewa na mahali pengine, na kazi ya kukata mkonge ikahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Basi wakaletwa watu kutoka mbali: Wanyamwezi na Waha, Wabena na Wangoni, Wamakonde, na wengine toka Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandika watu wa kazi, ambayo wazee wetu waliita Silabu. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Asubuhi aliitwa kwa namba. Jioni alipimiwa kazi yake kwa namba. Na siku ya mshahara alipokea fedha kwa namba.

Lakini manamba hawakuja mikono mitupu. Mngoni aliyetoka upande wa Peramiho, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1898, aliweza kuja na rozari shingoni. Muha na Mrundi waliweza kuja na sala walizofundishwa na Mapadre Weupe. Wengine walikuja na Uislamu wao, na wengine na matambiko ya kwao. Katika makambi ya mkonge, ambapo Padre alifika mara chache, watu hao walikusanyika Jumapili chini ya mti, na aliyejua sala akawaongoza wenzake. Vigango vingi vilianza namna hiyo. Si kila kigango kilianzishwa na Mzungu mwenye kofia. Vingine vilianzishwa na mkata mkonge mwenye jembe lake na katekisimu iliyochanika.

Baada ya Uhuru bei ya mkonge ilianguka, kwa kuwa dunia ilipata kamba za nailoni. Mashamba mengi yakafa. Wengine wakarudi makwao, wengi hawakurudi. Walikuwa wamekwisha oa hapa na kuzika hapa. Watoto wao ndio majirani zetu, na baadhi yetu tunaosikilizana leo ni wajukuu wa manamba.

Mkonge ulipopungua, miwa iliongezeka. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, na mashamba yake yapo pande zote mbili za mto Ruaha Mkuu. Upande wa kaskazini ndio Ruhembe na Kidodi katika wilaya yetu. Tawi la reli likajengwa toka Kilosa kupita Mikumi hata Kidatu. Mwaka 1964 Hifadhi ya Mikumi ikatengwa kwa ajili ya wanyama. Ikaja barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, na Mikumi, palipokuwa na nyumba chache, pakawa mji: wauza vyakula, madereva wa malori, watumishi wa hifadhi, mafundi, wauguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Wanyakyusa wakaja na Umoravian wao. Watu wa Iringa wakaja na Ulutheri. Wachaga wakaja na maduka na Misa zao. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawakusanya watu waliokaa mbalimbali, wakawa majirani wasiochaguana.

Na baada ya hao wakaja wafugaji. Waparakuyo walikuwapo tangu zamani, nao Wamasai wengine, Wabarabaigi na Wasukuma wakaongezeka, wakitafuta majani na maji, maana kwao malisho yalikuwa yamepungua. Mwaka 2012 wilaya ya Kilosa ilihesabiwa watu 438,175, baada ya Gairo kutengwa. Katika miaka kumi iliyofuata mkoa mzima wa Morogoro uliongezeka kutoka watu 2,218,492 hata watu 3,197,104 kwa sensa ya mwaka 2022. Hao karibu milioni moja hawakuzaliwa wote hapa. Mwaka 2024 treni mpya ya umeme ilianza kupita Kilosa kwenda Dodoma. Na kila njia mpya huleta watu wapya.

Ndugu wapenzi, katika kitabu cha ubatizo majina haya yote yamo. Lakini kuna mambo mawili ambayo kitabu hakionyeshi. La kwanza ni wale walioondoka kwetu. La pili ni wale ambao hatukuwaandika kamwe.

Tuseme kwanza juu ya walioondoka. Zamani mtu wa pande zetu alikuwa Mkatoliki, au Mwanglikana, au Mwislamu, au mtu wa dini ya wazee wake, na kijiji kilijua. Leo, katika mtaa mmoja wa Ruaha au Mikumi, utasikia alfajiri adhana ya msikiti, na kengele yetu, na vipaza sauti vya Wapentekoste wawili au watatu. Katika nyumba moja baba ni Mkatoliki, mama ameokoka, mtoto mkubwa ameoa Mwislamu, na bibi bado anakwenda kwenye kaburi la mjomba wake akiwa na unga. Wengine wetu hukasirika, husema: watu wametekwa na maneno matamu. Sisi tulikwenda kwa baadhi yao, tukawauliza kwa upole sababu ya kuondoka. Hawakutuambia habari za mafundisho. Mama mmoja alisema: "Nilipofiwa na mtoto, wale walikuja siku tatu mfululizo. Ninyi mlileta daftari la michango." Hatukuwa na jibu.

Juu ya wale ambao hatukuwaandika, yatupasa kuungama jambo moja. Hatutataja parokia wala kigango, kwa maana kosa ni letu sisi tuliokuwa na daraka, si la mahali.

Katika msimu mmoja wa miwa alikuja kijana mmoja toka upande wa Ziwa. Alipanga chumba pamoja na wenzake wanne, akakata miwa. Kila Dominika alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na nguo zake zilikuwa na masizi ya miwa iliyochomwa, maana masizi hayo hayatoki upesi. Siku moja baada ya Misa alitujia, akasema kwamba ataka kuandikwa katika jumuiya. Tulikuwa na haraka ya kikao. Tukamwambia: "Lete kwanza barua ya paroko wako wa kwenu, kisha urudi." Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaenda. Hakurudi kutuuliza, wala sisi hatukumfuata.

Baada ya miezi mitatu akashikwa na homa kali, akafa kwa siku chache. Wenzake wakatuma mtu kwetu. Tukafungua daftari la jumuiya, tukatafuta jina, halikuwamo. Tukasema: "Huyu si wetu, ulizeni makanisa mengine." Jua lilikuwa linakwenda. Basi majirani wa nyumba ile, ambao ni Waislamu, walichimba kaburi. Na mzee mmoja Mmoravian akasoma sala. Akazikwa kabla ya magharibi. Kesho yake wenzake walifungua mfuko wake wa nguo ili kutafuta anwani ya nyumbani. Wakakuta rozari, na cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne ndani ya karatasi ya nailoni, chenye muhuri wa parokia ya kwao. Barua tuliyoitaka alikuwa nayo muda wote, tena iliyo bora kuliko barua. Hatukumwomba atuonyeshe.

Tulimwandikia paroko wake. Tukasoma sala za marehemu kaburini, tukiwa tumechelewa. Mzee yule Mmoravian alikuja akasimama pamoja nasi, wala hakusema neno la kutulaumu. Na kunyamaza kwake kulituumiza kuliko lawama.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali njema, maana humfundisha mgeni asiwe mzigo. Lakini nchi yetu imeitumia nusu. Tuliwapa wageni jembe, tukawapa panga la miwa, tukawapa kisu cha mkonge. Lakini kiti hatukuwapa. Shamba lilimjua manamba kwa namba yake, wala hilo si ajabu, kwa kuwa shamba hutafuta kazi. Bali Kanisa lisipomjua mtu kwa jina, limekuwa shamba jingine.

Tena wazee walikuwa na desturi nyingine, ambayo twasikitika kuiona ikififia, nayo ni utani. Njia za misafara na vita vya zamani ziliwakutanisha makabila yasiyojuana. Badala ya kuogopana milele, wakafanya utani. Mtani anaweza kukutukana wala hukasiriki. Anaweza kuchukua kuku wako, ukacheka. Lakini siku ya msiba ndipo utani huonyesha maana yake: mtani ndiye ajaye kushika kazi za mazishi, huku wafiwa wamekaa chini wakilia. Wazee walielewa kwamba mgeni hawezi kukaa katika nchi kama hana wa kumzika. Wale waliokuwa hawajasoma katekisimu walilijua jambo ambalo sisi, wenye vyeti vya ukatekista, tulilisahau.

Hatari ya kutojuana si ya Kanisa peke yake. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya thelathini. Wengi wetu twakumbuka hofu ya siku zile. Chanzo kilikuwa ardhi, na maji, na mifugo kuingia mashambani, na mambo hayo yataka sheria na haki. Lakini moto ulipata kuni kavu, kwa sababu watu waliokaa jirani miaka mingi walikuwa wakiitana kwa kabila, si kwa jina. Kinyume chake, mafuriko ya Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalipobomoa nyumba, na maelfu wakakaa kambini, hakuna aliyeulizwa kabila wakati wa kugawana hema na maji. Basi twaweza, ndugu. Shida ilitufundisha, kwa nini tungoje shida nyingine?

Tuangalie pia mbali kidogo, tuone kwamba jambo hili si letu peke yetu. Katika Marekani wako watu waitwao Walatino, ambao asili yao ni Mexico, Puerto Rico, Cuba, na nchi nyingine za Amerika ya Kati na ya Kusini. Kwa sensa ya mwaka 2020 walizidi milioni 62, karibu mtu mmoja katika kila watano wa nchi ile. Wengi wao, wazazi au babu zao walikwenda kama manamba wetu, kulima na kuvuna mashamba ya watu wengine, kujenga nyumba na kufanya kazi za viwandani. Nao hawakwenda mikono mitupu. Walichukua picha ya Mama wa Guadalupe, ambaye sikukuu yake ni tarehe 12 Desemba. Tena Wamexico walichukua desturi iitwayo Posadas: tangu tarehe 16 Desemba, kwa usiku tisa, watu hutembea nyumba kwa nyumba wakiimba, kwa mfano wa Yosefu na Maria waliotafuta mahali pa kulala. Nje huomba mlango, ndani huwakatalia, mwisho mlango hufunguliwa, wote huingia wakala pamoja. Tazameni hekima yake: watu waliokuwa wageni katika nchi ngeni waliwafundisha watoto wao kila mwaka namna ya kufungua mlango.

Hata hivyo imani yao inabadilika upesi. Wachunguzi wa Pew walipouliza Walatino watu wazima mwaka 2010, katika kila mia moja sitini na saba walijiita Wakatoliki. Mwaka 2022 walikuwa arobaini na watatu. Wengine wamekwenda kwa Waprotestanti wa kiinjili. Lakini wengi zaidi, hasa vijana, husema hawana dini yoyote, nao wamefika thelathini katika mia. Twajifunza nini? Ya kwamba haitoshi baba kuja na imani katika mfuko wake. Mtoto aliyezaliwa ugenini hana kijiji cha kumkumbusha. Kama parokia haikuwa kijiji chake, atakuwa mtu asiye na kijiji. Mjukuu wa manamba Kimamba, na mtoto wa Msukuma aliyezaliwa kando ya mto Ruaha, wamo katika njia hiyo hiyo.

Sasa, walimu wenzetu, tusiondoke na huzuni tu. Twaomba ruhusa kutoa mashauri machache, ambayo sisi wenyewe tumeanza kuyajaribu baada ya kosa letu.

Kwanza, msimu wa miwa unapoanza katikati ya mwaka, mwalimu asingoje watu waje. Aende makambini na katika vyumba vya kupanga, pamoja na wazee wawili wa jumuiya. Asiende na daftari la michango. Aende na daftari tupu, aandike jina la mtu, parokia ya kwao, na jina la ndugu wa kuitwa akiugua. Barua ya paroko ni njema, lakini iandikwe na sisi kuitafuta. Isiwe kizuizi mlangoni.

Pili, Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1976 waliagiza Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Kusudi lao lilikuwa watu wajuane. Jumuiya isipojua nani amelala na homa katika nyumba ya nne, imebaki jina tu.

Tatu, tuwaulize wageni desturi za kwao kabla ya kuwafundisha zetu. Msukuma huhesabu watoto kwa baba na hutoa mahari ya ng'ombe. Mvidunda huwahesabu kwa mama. Wakioana, na mwalimu hajui tofauti hiyo, ndoa njema itavunjika siku ya kugawa urithi, na sisi tutasema wameacha dini, kumbe hawakuelezwa. Mafundisho ya ndoa yawakalishe wajomba wa huku na baba wa kule pamoja, kabla ya siku ya harusi.

Nne, tupeni nafasi nyimbo na ngoma zao. Misa yetu ilitoka katika Kilatini ikaingia katika Kiswahili katika miaka ya 1960, wala Mungu hakupotea njiani. Hataipotea leo tukiimba wimbo mmoja kwa sauti ya Kisukuma au ya Kimasai, hata kama wenyeji watachelewa kuitikia.

Tano, majirani zetu Waislamu na Wakristo wa makanisa mengine tuwahesabu kuwa watani wetu katika mema. Wao walimzika mtu wetu tulipomkana. Deni hilo hatuwezi kulilipa kwa maneno. Tulilipe kwa kuwa wa kwanza kufika katika misiba yao.

Nasi tulioanza kwa kosa, tumeona matunda kidogo. Msimu uliofuata tuliandika majina ya wakata miwa thelathini na moja katika kambi moja tu. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa dini huko kwao, wala hakuna aliyejua. Sasa hufundisha watoto siku za Jumamosi, na watoto wa wenyeji wamejifunza kwake nyimbo ambazo hata sisi hatuzijui. Wengine waliondoka msimu ulipokwisha, tukawapa barua mkononi, ili popote waendako wasisimame mlangoni.

Ndugu wapenzi, Abrahamu alipowaona wasafiri watatu wakati wa jua kali hakuwauliza barua. Alikimbia kuwalaki, akawapa maji na kivuli, na kumbe alikuwa anampokea Bwana. Ruthu alikuwa mwanamke mgeni aokotaye masuke katika shamba la mtu mwingine, naye akawa mama wa babu yake Mfalme Daudi, na kwa uzao huo akaja Mwokozi wetu. Watumwa waliokombolewa wa Bagamoyo walikuwa wageni, nao wakawa mababu zetu katika imani. Hatujui nani, kati ya hao wasimamao leo karibu na mlango wakiwa na masizi katika nguo zao, atakuwa babu wa Kanisa la Kilosa na Mikumi wakati wajukuu wetu watakapofanya Jubilei yao.

Twamshukuru Mungu kwa miaka aliyotujalia. Twawaombea marehemu wote, walioandikwa na wasioandikwa, na hasa yule kijana ambaye jina lake lilikuwa limekunjwa mara nne mfukoni, nasi hatukuliuliza. Tukitoka hapa leo, kabla ya kwenda kwenye chakula cha sikukuu, kila mmoja amtazame aliye karibu naye asiyemjua, amwulize jina lake, amsogezee kiti.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele, amina.